Nimestaafu ustawi wa jamii, sasa naitwa kwenye kamati ya kuupanga upya mtaa: niingie?

Swali: "Shikamoo dada. Nimestaafu mwaka huu baada ya miaka 34 ya kazi ya afisa ustawi wa jamii, mingi nikiwa hapa Mwanza. Halmashauri inaandaa mradi wa kuupanga upya mtaa mmoja wa kilimani: barabara, mifereji, mabomba ya majitaka, na nyumba kadhaa zitavunjwa. Nimeombwa niingie kwenye kamati ya mradi kama mjumbe kutoka kwa wananchi. Wenzangu ni mhandisi, mpima ardhi, afisa mipango miji, mfanyabiashara mmoja na viongozi wa mtaa. Mimi hata ramani sijui kuisoma. Naogopa nitakuwa wa kupitisha tu yaliyokwisha kuamuliwa. Halafu mdogo wangu wa kike ana nyumba mlemle. Niingie au niache?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza salama. Miaka 34 ya kupanda vilima vile na jalada kwapani si mchezo.

Ingia. Nakujibu hivyo mapema kwa sababu ukianza kupima faida na hasara utapima mpaka nafasi apewe mwingine, na huyo mwingine mara nyingi huwa dalali wa viwanja. Mimi nami nilipostaafu nilikaa miaka saba kwenye kamati ya namna hiyo, mtaa mwingine wa kilimani hapahapa Mwanza, na niliingia na woga uleule wa kwako. Nilichokikuta ni hiki: wale wataalamu wanavijua viwanja vizuri sana, lakini hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kujua nani analala ndani ya nyumba. Kwenye ramani nyumba ni kisanduku chenye namba. Wewe umeingia kwenye nyumba hizo. Unajua kwamba kisanduku kimoja cha Mabatini au Igogo kinaweza kuwa na milango sita ya wapangaji, bibi mwenye nyumba akiwa chumba cha nyuma, na wajukuu watatu ambao wazazi wao wako visiwani wanavua.

Nianze na ramani, maana ndiyo iliyokutisha. Inafundishika kwa mchana mmoja. Mwombe mpima mpande naye kilimani akiwa na karatasi yake mkononi, msikae ofisini. Ile mistari myembamba inayojipinda ni ya mwinuko. Inapobanana, ujue hapo mlima umesimama. Inapoachana, pana tambarare. Ukishalijua hilo umeshika nusu ya mabishano ya vikao, kwa kuwa mji wetu ni wa mawe. Mistari inapobanana ndipo maji ya mvua hushuka kwa kasi kuelekea Mto Mirongo na ziwani, na mfereji wa kuyaongoza hutakiwa. Ndipo pia kuchimba mtaro wa bomba kunapokuwa ghali, maana hujachimba hata kidogo umeshagonga jabali. Na ndipo wanapoishi watu wa kodi ndogo kuliko wote. Mambo hayo matatu hukaa mahali pamoja, na ramani inakuonyesha mawili tu.

Mkirudi kikaoni, uliza swali moja kwa kila nyumba iliyowekewa alama ya kuvunjwa: inaondolewa na nini? Bomba, mfereji au barabara? Usiache wakujibu "mradi". Kwenye baadhi ya vilima vyetu umeona mabomba membamba ya majitaka yaliyopitishwa uchochoroni, hayakuhitaji njia ya gari. Bomba la aina hiyo linaweza kuizunguka nyumba. Barabara haiwezi kuizunguka kirahisi, lakini mahali pengine kinachotakiwa si barabara, ni ngazi za mawe na mfereji pembeni. Kwetu nyumba kadhaa zilinusurika kwa swali hilo tu, na aliyezinusuru ni mhandisi mwenyewe. Alikuwa kijana mwema, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kama mradi unagusa kingo za Mirongo au ufuko wa ziwa, mambo yanabadilika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Uliza mita hizo zimeanza kuhesabiwa wapi. Ziwa Victoria lilipanda sana 2020, likapanda tena 2024, na kila lilipopanda ukingo ulihama. Kaya nzima inaweza kuwa ndani ya mita 60 au nje kulingana na kigingi kilivyopigwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike hata ukiyasahau mengine yote. Pigania orodha.

Kila mradi wa kutwaa ardhi una siku ambayo orodha ya wanaoguswa inafungwa. Kabla ya siku hiyo kila jina linaweza kuingia. Baada ya siku hiyo unabaki kuomba huruma, na huruma haina fungu kwenye bajeti. Watu wengi wa ustawi hukosea hapa: tumezoea kuitwa mwisho, pale ambapo mtu ameshatolewa vyombo nje na watoto wamekaa juu ya godoro kando ya njia. Tumekuwa mafundi wa kufunga jeraha. Kwenye kamati kazi yako inaanza mapema zaidi, wakati ambapo hakuna anayelia na kila mtu anaona unachelewesha.

Soma masharti ya fidia kabla ya kikao cha kwanza. Yako kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001, na utaratibu wa uthamini uko kwenye Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Watu wengi wanadhani fidia ni bei ya matofali na mabati. Kumbe ndani yake kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokokotolewa kwa kubeba mzigo wa tani 12 umbali wa kilomita 20, posho ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi mara 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara, nayo ni ya miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi 6 kuna riba. Uthamini ukikaa miaka 2 bila kulipwa umekufa, unafanywa upya. Ukimweleza mzee mambo haya kwa lugha ya nyumbani, akajua kwamba nyumba inayoweza kupangishwa kwa shilingi 100,000 kwa mwezi ina posho ya makazi ya shilingi 3,600,000 juu ya thamani yake, atasaini fomu akiwa anajua anachosaini.

Lakini angalia fomu inawaacha wapi watu.

Mpangaji hana ardhi wala jengo, kwa hiyo mthamini hana safu ya kumwandika. Na kwa vilima vyetu wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba. Mtu amelipa kodi ya miezi sita mbele, mwezi wa pili mwenye nyumba analipwa fidia anaondoka, kodi imekwenda naye. Sisi tulikubaliana jambo rahisi: kabla ya malipo, mwenye nyumba anasaini mbele ya mtendaji wa mtaa kwamba atarudisha kodi ya miezi isiyokaliwa, na tarehe ya mpangaji kuhama inaandikwa. Halikuwa takwa la sheria, lilikuwa azimio la kamati, na lilifanya kazi kwa sababu liliandikwa mapema. Ili ulifanye hilo lazima wapangaji wawe na orodha yao, mlango kwa mlango. Omba vijana wawili wa mtaa na daftari, uwaongoze mwenyewe. Swali la kwanza lisiwe "mwenye nyumba ni nani?" Liwe "usiku wa kuamkia leo walilala wangapi humu, na ni akina nani?" Swali hilo umeliuliza maelfu ya mara kwenye kutembelea kaya. Sasa ndiyo faida yake.

Mjane naye. Nyumba iko kwa jina la marehemu, miaka kumi sasa, na hakuna aliyeona haja ya kwenda mahakamani kwa sababu hakuna aliyekuwa akiuza. Siku ya malipo anaambiwa alete usimamizi wa mirathi. Anaanza kutafuta cheti cha kifo, anaita kikao cha ukoo ili upatikane muhtasari, ndugu wa mume wanatoka Sengerema na Ukerewe, na kila mmoja ameshasikia kuna fedha. Ukiwa umeitembelea ile nyumba miezi minane kabla, ungemwambia aanze Mahakama ya Mwanzo wakati bado hakuna cha kugombania. Tafuta nyumba zote za namna hiyo mwanzoni kabisa. Kwetu zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, na mimi nilidhani nazijua.

Halafu wanandoa. Nitakusimulia hili kwa uchungu kwa sababu lilitokea nikiwa mjumbe. Mwanamume mmoja alilipwa kwenye akaunti yake mwenyewe, fomu zote zina jina lake, na kila kitu kwenye makaratasi kilikuwa sawa. Wiki ya pili mkewe alikuja na watoto wanne akaniuliza kama kamati inajua mume wake yuko wapi. Kamati haikujua. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamlinda mwenzi asiuziwe nyumba ya ndoa bila ridhaa yake, nami nilikuwa nimeifundisha sheria hiyo kwenye semina miaka na miaka, lakini sikuwahi kufikiri kuiweka mezani pale. Baada ya hapo tuliomba fomu za kaya zisainiwe na wenzi wote wawili, na tukahimiza akaunti ya pamoja. Familia ile haikunufaika na azimio hilo. Wewe lipeleke kikao cha kwanza.

Mama lishe, mgonga kokoto, mchuuzi wa dagaa: hawa wana faida inayopotea, ila hawana hesabu za kuonyesha. Wasaidie kukusanya walichonacho mapema, iwe kitambulisho cha mjasiriamali, daftari la mkopo wa kikundi au risiti za ushuru. Na uliza wanapelekwa wapi. Mama anayeamka usiku kushuka soko la Mwaloni Kirumba kwa miguu kununua dagaa, ukimhamishia Kisesa, kule nje ya mji, umemkabidhi nyumba bora na umemwondolea mtaji, kwa sababu saa hiyo daladala hakuna na bodaboda itakula faida yote.

Ukitaka mfano wa nguvu ya orodha, angalia Magomeni Kota kule Dar es Salaam. Kaya 644 ziliondolewa kwenye kota za umma, zikasubiri karibu muongo mzima. Nyumba mpya zilipozinduliwa Machi 2022, walijulikana ni akina nani kwa sababu majina 644 yalikuwepo. Miaka yote hiyo viongozi walibadilika na mipango ikabadilika, orodha ikabaki.

Mikutano ya hadhara nitaigusa kwa ufupi kwa sababu unaiweza kuliko mimi. Ila usikubali ipangwe saa nne asubuhi Jumanne halafu wanaume watano na balozi wa nyumba kumi waitwe "wananchi". Kama mtaa una watu wa dagaa, weka mkutano wakati wa mbalamwezi. Hapo taa haziwafai ziwani, wako nyumbani na nyavu zimetandazwa. Na neno "urasimishaji", yaani kuipima na kuiandikisha ardhi ya mtu, usilitamke peke yake. Kuna bibi kule juu ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Waeleze kwa Kisukuma kama unakiweza, ama mlete anayekiweza, na asiwe mjukuu wa mwenyekiti.

Kuhusu siku ya kuvunja, ratiba inapopitishwa angalia vitu viwili. Mvua zetu ni Oktoba hadi Desemba, na Machi hadi Mei. Mtihani wa darasa la saba huwa Septemba, wa kidato cha nne Novemba. Ukivitoa hivyo, mwaka unabaki na dirisha dogo katikati, likizo ya Juni na wiki zinazofuata. Mkandarasi atakuambia fedha za mradi hazisubiri. Mjibu kwamba mtoto wa darasa la saba naye hana mwaka wa ziada. Sisi tulishindwa mara moja, tukashinda mara mbili.

Sasa kuna vitu vya kazi yako ya zamani ambavyo itabidi uviache mlangoni, na hili litakuumiza. Ukiwa afisa ulikuwa na shauri, mtu mmoja mwenye jalada moja, na wajibu wako ulikuwa kwake. Kwenye kamati huna shauri. Watu wataanza kukufuata nyumbani alfajiri, kila mmoja na yake, na moyo wako utataka kuyabeba yote. Ukiyabeba, baada ya miezi mitatu wenzako watakuita msemaji wa fulani, na sauti yako itakuwa imeisha siku linapokuja jambo linalogusa kaya mia. Mwenye tatizo lake binafsi mpeleke kwa afisa ustawi aliyepo sasa, au kwa mtendaji, na wewe chukua kutoka kwake swali la jumla: ni wangapi wengine wako hivi? Hilo ndilo unalolileta mezani. Na siri ulizozijua ukiwa kazini hazitoki. Hata kama unajua kwamba kaya namba fulani ina historia fulani, na ukiisema leo itawasaidia, usiiseme. Walikuambia kwa sababu ya jalada, hawakukuambia kwa sababu ya mradi.

Usiwe pia adui wa kila barabara. Nilianza hivyo, nikaona kila tingatinga ni uovu. Mwaka wangu wa pili kwenye kamati niliitwa usiku kilimani, mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Gari halikuweza kufika. Vijana wanne walimshusha juu ya kiti cha plastiki, mawe yanateleza kwa mvua, mimi nikiwa mbele na tochi, na kwa kila hatua nilikuwa nahesabu umbali uliobaki mpaka kwenye lami ambako teksi ilikuwa inasubiri kumpeleka hospitali ya Sekou Toure. Alijifungua salama. Asubuhi yake niliifungua ramani nikaitazama upya ile barabara niliyokuwa naipinga. Nilikuwa sahihi kuhusu nyumba tatu, na sikuwa sahihi kuhusu barabara. Nikarudi kikaoni kuomba isogezwe, sikuomba ifutwe. Watoto watakaozaliwa kilimani wana haki kwenye kikao kile na hawana wa kuwasemea, kama vile wapangaji wasivyokuwa na wa kuwasemea.

Kuhusu kuwa mtu wa kupitisha yaliyoamuliwa, kinga yako ni muhtasari. Maneno matatu uyazoee: "iingie kwenye muhtasari." Hoja yako ikikataliwa, usigombe, usitoke nje. Sema kwa utulivu, "Sawa mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba mjumbe alitaka wapangaji waorodheshwe na kamati haikukubali." Nimeona watu waliokwisha kukataa wakibadilika palepale, kwa sababu hakuna anayetaka jina lake liwe upande ule kwenye karatasi itakayosomwa na mkaguzi. Soma muhtasari wa kikao kilichopita neno kwa neno kabla ya kuuthibitisha. Omba upewe nyaraka siku tatu kabla. Ukipewa mezani siku yenyewe, omba jambo liahirishwe. Posho ya kikao iliyopo kwa utaratibu chukua, saini, ni halali yako. Bahasha isiyo na fomu ya kusaini usiiguse, hata ikiitwa nauli. Na usinunue kiwanja ndani ya eneo la mradi wala jirani yake, wewe wala mtoto wako, mpaka mradi uishe. Utapewa bei nzuri sana. Ndiyo dalili.

Limebaki la mdogo wako, nawe uliliweka mwisho kana kwamba ni dogo. Halikuzuii kuingia, ila lisiwe siri hata siku moja. Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kamati kabla ya kikao cha kwanza: jina lake, undugu wenu, nyumba ilipo. Kikao kikifunguliwa, simama uiseme kwa mdomo na uombe iandikwe. Kila wanapofika kwenye uchochoro wake, toka nje, ukae mbali usikosikia, urudi ukiitwa. Fomu yake asaidiwe na mtu mwingine, asiwe wewe. Na mwambie yeye mwenyewe leo, kabla hajasikia kwa watu, kwamba umeingia kwenye kamati na kwamba hutajua lolote kuhusu nyumba yake ambalo jirani yake hatalijua siku hiyohiyo. Atanuna. Mpelekee sato siku ya Jumapili, mle pamoja, halafu Jumatatu panda kilimani na daftari.